Kitambaa Cheusi Chini ya Tandiko

Jumanne. Upepo wa leo unakata masikio.

Kuandika nimejifunzia uzeeni, darasa la watu wazima, lakini baiskeli ya kwanza katika kijiji hiki ni yangu. Wenzangu walihamia hapa na vyungu kichwani. Mimi niliingia nikiendesha.

Kufuli sikununua. Nilisema kufuli ni la mtu asiyeogopwa. Nikafunga kitambaa cheusi chini ya tandiko, nikatangaza kwamba atakayeiiba atavimba miguu.

Ndani yake nilitia majivu ya jikoni. Majivu matupu.

Mwezi uliopita ikaibwa nje ya mkutano wa kijiji. Nikapita nyumba kwa nyumba nikimwahidi mwizi uvimbe wake.

Leo mchana amekuja Sesilia, mke wa jirani yangu Deusi. Akapiga magoti, akaniamkia, akasema baiskeli iko kwao, wameifunika mabua ya ulezi. Deusi amevimba miguu mpaka magotini. Hospitali hataki, anasema dawa yake ninayo mimi.

Nikamfuata mpaka kwao, nikaiona miguu ile. Ngozi inang'aa. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki.

Nikamuuliza Deusi alijuaje saa ya kuichukua baiskeli.

"Ukisimama kusema mkutanoni, baba, humalizi. Hata kiwete angefika nayo mpaka mji wa Namanyere."

Kumbe mwizi haichunguzi baiskeli. Anamchunguza mwenye baiskeli. Na mimi nilikuwa namsaidia kila mkutano.

Sikukasirika. Nikamwambia ukweli: ni majivu, uganga siujui, nenda hospitali. Akanitazama kama mtu aliyenyimwa maji.

"Hutaki kuniondolea," akasema. "Basi, niache nife."

Nikaapa kwa Bikira Maria. Hakuniamini. Sesilia naye hakuniamini.

Basi nikakichoma kitambaa mbele yao. Nikampulizia maji usoni, nikanong'ona Kifipa chinichini wasisikie vizuri, maneno ya kuitia ng'ombe tu. Nikasema dawa imetoka, ila lazima yule daktari mzungu wa sindano, wa hospitali ya Sumbawanga, amwone kesho, la sivyo itarudi. Hapo ndipo akakubali.

Akipona, watasema nimemponya. Akifa, watasema nimemuua. Yote mawili nimeyatafuta kwa mdomo wangu.

Alfajiri nampakia kwenye keria, nasukuma mwenyewe mpaka mjini. Nguvu ninazo, nawashinda vijana wa hapa. Ila njia ni ndefu, na sijui nitazungumza nini na mtu anayeniogopa hivi.