Baiskeli ya Kukunja, Dainamo ya Misheni

Jumatatu, 3 Julai 1995

Kidato cha tatu, sumaku na umeme. Nusu ya darasa walisinzia, nusu wakawa wananitazama goti. Nimefundisha nimekaa. Jioni nikarudi chumbani, nikalikanda kwa maji ya moto, nikala ugali na mchicha wa kununua. Mchicha wa kununua! Mimi, mtoto wa mlimani.

Nyumba ya marehemu mama kule juu imefungwa tangu masika, siku nilipoteleza nikaumia goti na vijana wakanishusha kwa machela mpaka barabara ya lami. Walikuwa wapole sana. Ndilo linaloniuma zaidi.

Kosmas kapita kuniletea kabichi na ujumbe. Ni jirani yangu kule juu na mtani wa ukoo wetu, kwa hiyo kila jema analoleta hulifunga ndani ya tusi. Kaanza kwa kusema nimenenepa kwa uvivu. Kisha akasema Jumapili ya mwisho ya mwezi ukoo unakaa kwa Mjomba Pius. Nyumba isiyokaliwa inaoza, anasema Mjomba. Nirudishe ufunguo, apewe Faustini, mtoto wa marehemu dada yangu, mwenye mke na watoto.

Kwetu ardhi hupita kwa akina mama, lakini mwenye kauli ni mjomba. Nimekasirika. Faustini simchukii, ni kijana mzuri. Nachukia kwamba wana hoja.

Jumamosi, 8 Julai

Tangu biashara iachiwe huru, mji huu unapokea kila kitu ambacho Ulaya wamekichoka. Mnada wa mitumba leo: makoti ya baridi kali, buti za mguu mmoja, na baiskeli ya magurudumu madogo inayokunjwa katikati kama daftari. Watu waliicheka. Dalali mwenyewe aliicheka. Nikainunua kabla sijajiuliza nitaiendeshaje na goti hili.

Nimeikunja na kuikunjua chumbani mpaka maharage yakaungua. Gurudumu dogo ni rahisi kulizungusha mlimani, mradi ukubali kwenda polepole. Mimi haraka sina. Nguvu ya mguu ndiyo sina. Inatakiwa mota.

Jumapili, 9 Julai

Landrova ya misheni ilikufa zamani. Imeegeshwa nyuma ya jiko, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaizungukia. Baada ya misa nimemwomba Padre dainamo yake. Akauliza ya nini, wakati kazi yake ni kuchaji betri tu. Nikamweleza kwamba ukiizungusha inatoa umeme, na ukiipa umeme inazunguka. Akacheka, akanipa na spana.

Nimechafua gauni la kanisani kwa grisi. Sijali.

Jumatano, 12 Julai

Kwa Salum, Msamvu. Salum anachaji betri za magari kwa ajili ya watu wa milimani wanaotazama televisheni, na pembeni anachomelea vyuma. Ametengeneza kikalio cha dainamo juu ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Cheni mbili na gia za pikipiki, ili mwendo upungue na nguvu iongezeke. Betri nyuma ya tandiko. Na saa ndogo ya gari ya kuonyesha umeme unaotoka na unaoingia, kwa sababu mwalimu bila kipimo hanogi.

Tukawasha. Gurudumu likazunguka kurudi nyuma.

Nikamwagiza, kwa sauti ile ya darasani, ageuze nyaya za betri. Akageuza. Likarudi nyuma vile vile. Nikamwamuru azirudishe, azigeuze tena, sijui nilitegemea muujiza gani. Salum akaniuliza kwa adabu kama shule yangu siku hizi inaingiliwa kinyumenyume.

Ndipo nikakumbuka ubao wangu mwenyewe. Ukigeuza nyaya za betri, sumaku ya nje na ya ndani zinageuka pamoja, na mambo yanabaki yale yale. Sharti ugeuze ya moja tu. Hilo hilo swali nimewakata watoto alama, na maneno makali juu. Tukageuza ya moja. Likaenda mbele. Nilipiga kigelegele mpaka abiria wa mabasi wakachungulia madirishani.

Jumamosi, 15 Julai

Aibu.

Jaribio la kwanza, kwenye kilima cha njia ya Bigwa. Kosmas alikuwepo na kabichi zake za sokoni. Nilianza vizuri, dainamo inavuma, upepo usoni. Katikati ya kilima bawaba ya katikati ikafunguka na baiskeli ikajikunja nami nikiwa juu yake. Mtaroni. Maji ya betri yametoboa sketi.

Kosmas alicheka mpaka akakaa chini. Akasema baiskeli yangu inajua kupiga magoti kuliko mimi. Kisha akanivuta nje, akanifunga goti kwa kitambaa chake cha jasho, akaendelea kucheka.

Jumanne, 18 Julai

Goti limevimba. Nimelia. Sijaenda shule.

Alhamisi, 20 Julai

Salum anataka kuichomelea bawaba isijikunje tena maishani. Nimekataa. Mwalimu mkuu amekubali niingie nayo ofisini ikikaa chini ya meza tu. Ikilala nje, asubuhi itakuwa ya mtu mwingine. Tumebishana na Salum. Nimesema maneno ambayo nitamwomba radhi kesho.

Tatizo ni uzito kuwa nyuma, ukiivuta bawaba. Tumeshusha betri chini, karibu na pedali. Bawaba tumeivisha kibano cha bomba la maji chenye bolti mbili. Ukifungua bolti, inakunjwa kama kawaida.

Jumamosi, 22 Julai

IMEPANDA! Kilima kile kile. Niliwapita wanaume wanaosukuma baiskeli za mkaa. Mmoja aliacha kusukuma ili ashangae vizuri. Mguu mzima ulisaidia pedali kidogo, mbovu ukabebwa tu kama bibi harusi. Nimepanda, nimeshuka, nimepanda tena, bila sababu yoyote ila raha.

Sokoni nimemkuta Mjomba Pius ananunua chumvi. Shikamoo Mjomba. Marahaba mwanangu. Nikamwambia Jumapili ya mwisho wa mwezi nitakuja kikaoni, na nikifika mlangoni kwa mama kwa nguvu zangu, ufunguo unabaki kwangu. Hakuniangalia mimi, aliiangalia baiskeli.

Akasema, "Sawa. Lakini asikushike mtu. Hata kwa kidole. Siku nisipokuwepo mimi, nani atakushika?"

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana nikakubali.

Jumamosi, 29 Julai

Betri imejaa. Cheni zimepakwa mafuta. Nimeomba radhi kwa Salum, akanipa bolti za akiba na onyo nisivue kofia.

Naogopa. Njia ya misheni ina kona karibu na kijito, mwinuko mkali, mawe matupu. Pale hata Landrova ya Padre ilikuwa inachemsha. Nikishindwa, nimekabidhi nyumba ya mama mbele ya ukoo mzima, kwa hiari yangu, kwa mdomo wangu.

Jumapili, 30 Julai

Niandike kabla sijalala.

Niliondoka baada ya misa ya kwanza. Bigwa, sawa. Migomba, sawa. Watu wa misa ya pili walikuwa wanateremka, wakageuka wote kunifuata, na watoto mbele. Mshale wa saa ya umeme ulilala upande wa kutoa na dainamo ikawa ya moto. Niliisimamisha mara mbili ipoe, nikakaa juu ya jiwe na kujifanya napumzika mimi.

Kwenye kona ya kijito mwendo ukafa. Baiskeli ikatambaa, ikatambaa, karibu isimame. Hapo ndipo nilipoona hatari ambayo sikuifikiria kabisa. Kwetu mtu haachwi akipandisha mzigo peke yake. Hakuna anayefikiri, mikono inakuja yenyewe. Mama mmoja akaweka kikapu chini. Vijana wawili wakakunja mashati. Wale wale wa machela. Mikono ilikuwa inakuja mgongoni kwangu, mikono mizuri, ya kunimaliza. Pumzi ya kupiga kelele sikuwa nayo.

Kosmas akaruka mbele yao na bua la muhindi. Akawacharaza vidole.

"Mwacheni huyo mvivu! Atakayemgusa nitakula mbuzi wake leo leo! Acheni ateseke, mtani wangu, nimengoja siku hii tangu nizaliwe!"

Mtani akidai, hakuna wa kumzuia. Wakarudi nyuma wanacheka. Akatembea kinyumenyume mbele yangu kona nzima, akinitukana mimi, goti langu, ukoo wangu, na Landrova iliyozaa kitu kile. Nilimwona machozi. Nikakanyaga kwa mguu mmoja, dainamo ikanguruma, jiwe, jiwe jingine, na ghafla gurudumu likapata udongo. Tukatoka.

Mlangoni kwa mama sikujua jinsi ya kusimama, nikaugonga mlango kwa gurudumu la mbele. Ukoo mzima ulikuwa umetoka kwa Mjomba kuja kushuhudia, umejaa uani. Vigelegele! Mke wa Faustini alipiga kuliko wote. Mjomba Pius akaizunguka baiskeli polepole na fimbo yake. Akaniuliza nani amenishika. Nikasema hakuna. Akamwuliza Kosmas. Kosmas akasema kwa bahati mbaya hakuna.

Mjomba akasema kikao kimekwisha, watu wale. Faustini amepewa shamba la ng'ambo ya kijito, na nitamsaidia kujenga. Kosmas amekamata jogoo wangu mkubwa, niliyemwacha kwa majirani, kuwa haki yake ya utani. Nilimfukuza uani kwa ajili ya desturi tu.

Nimeshinda. Nimeandika ili nilione: nimeshinda.

Jumatatu, 31 Julai

Nimelala kitandani kwa mama. Ukungu asubuhi, moshi wa majirani, mchicha wa kuchuma.

Nilipofungua mlango nilikuta ufunguo wa pili, ule aliokuwa akiutunza Mjomba tangu mazishi ya mama, umefungwa kwa uzi kwenye usukani. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Nikateremka kwenda shule. Betri ilikuwa imebakiwa na kidogo sana, lakini mteremko hauhitaji. Chini ya kona ya kijito mwendo ulichanganya, cheni zikaanza kuizungusha dainamo badala ya dainamo kuzizungusha cheni. Nikatazama saa ya umeme. Mshale ulikuwa umevuka katikati, umeelekea upande wa kuingia. Mlima ulikuwa unaichaji betri.

Nilishuka hivyo hivyo, breki kidogo, mpaka lami. Kipindi cha kwanza ni kidato cha tatu, na leo nitafundisha nimesimama.