Kwa Nini Kasuku Hakuipata Kazi ya Ghuba

Nyumba za Wahadhiri,
Jengo la Tatu, Ghorofa ya Tano.
11 Machi

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nakujua, barua huwa unazisoma umesimama wima mlangoni kana kwamba aliyezileta anasubiri jibu. Leo kaa, tafadhali. Goti linaendeleaje? Uliniandikia kwamba daktari amekwambia upunguze ngazi, nawe ukamwambia afadhali aje azipunguze yeye. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Na Baba mdogo, sikio limezibuka, au bado anajibu maswali ambayo hakuulizwa?

Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma humu ndani.

Umeniuliza kuhusu mwanao, mdogo wangu Kasuku. Umesema tangu chuo hiki kimkatalie maombi yake ya kazi ya kufundisha, hali vizuri na anashinda chumbani, yeye ambaye tulimbandika jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza. Unataka niwaulize wakubwa wa hapa waliona kasoro gani kwake. Mama mdogo, sina haja ya kumuuliza mtu. Sababu naijua. Nitakueleza, ila sharti nianzie mbali kidogo, la sivyo utaisikia vibaya. Hata hivyo naona utaisikia vibaya tu.

Nilipokuja huku Ghuba, miaka mitatu iliyopita, mlinisindikiza nyumba nzima. Mlipiga picha nyingi nikiwa nimeshika ile barua ya kazi kama mtoto mchanga. Mhadhiri wa hesabu, Kitivo cha Uhandisi. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, mjane, na nilijiambia kwamba Mungu amenikumbuka mwishomwisho.

Sikudanganywa kuhusu nyumba wala ofisi. Nyumba ina madirisha makubwa yasiyofunguka na kiyoyozi kinachonguruma mchana kutwa. Ofisi ina kiti kinachozunguka na jina langu mlangoni limeandikwa vizuri, bila kosa hata moja. Kati ya nyumba na ofisi kuna njia yenye paa, ili jua lisituguse. Zinaweza kupita wiki mbili bila upepo kunipiga usoni. Wanafunzi ni wapole, wana adabu, wananisalimu kwa heshima zote. Sina la kuwalaumu watoto wale.

Mtihani wa kwanza walikaa arobaini. Walifaulu kumi na mmoja. Nikapeleka alama kwa mkuu wa idara, nikarudi ofisini kuandaa masomo ya ziada kwa wale waliobaki. Sikuona ajabu, mwanzo huwa mgumu.

Keshoye mkuu akaniita. Ni mtu mstaarabu sana, sauti yake ya chini, alinimiminia kahawa kwa mkono wake. Akaniambia, "Daktari, hapa hatufelishi. Tunasaidia."

Nikamwambia msaada nimeshauandaa, nikamtolea ratiba ya masomo ya ziada. Akaitazama, akanirudishia karatasi zote za mtihani zikiwa kwenye faili. "Zipitie tena," akasema. "Polepole."

Nilizipitia. Alama hazikubadilika, zingebadilikaje? Ofisi ya pili kutoka kwangu yuko mwalimu wa fizikia tunayemwita Mzee Chaki, kwa kuwa bado anatembea na chaki mfukoni ingawa mbao za huku zinaandikwa kwa kalamu ya wino. Ana miaka kumi na mmoja hapa. Nikaenda kumweleza, nikidhani atakasirika pamoja nami.

"Ongeza alama, weka saini," akasema.

"Hujanielewa," nikamwambia. "Hawajui hata kutafuta eneo la pembetatu. Watakuja kujenga madaraja hawa."

"Nimekuelewa vizuri. Mwaka wa kwanza unauma. Mwaka wa pili utasahau kama uliwahi kuuma."

Nilimdharau, Mama mdogo. Nilitoka mle ofisini kichwa juu. Nilikukumbuka wewe, uliponirudisha darasa la nne mbele ya mama yangu, dada yako wa tumbo moja, ukasema mtoto huyu hajui kugawanya na sitamdanganya. Mama hakusema nawe mwezi mzima. Lakini mimi nikaja kujua kugawanya. Nikasema, mimi ni mtoto wa mwalimu yule, sitaweka saini.

Siku tisa nilikataa. Siku ya kumi alama zikabandikwa ukutani. Wote arobaini wamefaulu, na chini yake jina langu kamili. Sijui nani aliyekaa akazibadili. Mzee Chaki tangu siku hiyo huwa hanitazami machoni, basi nimeacha kujiuliza.

Nilikwenda kulalamika. Mkuu hakupandisha sauti. Alisema ninao uhuru wa kuandika malalamiko, na chuo nacho kina uhuru wa kutonihitaji. Nikaona isiwe taabu, nitarudi nyumbani. Nikakiandikia chuo chetu cha zamani, kile nilichokitumikia miaka ishirini na miwili, nikiomba kurejea. Sikukwambia wakati ule kwa sababu nilitaka kukushtukiza mlangoni na mizigo yangu. Walijibu baada ya miezi miwili, mistari minne. Nafasi yangu imejazwa, na kwa umri wangu hawaajiri tena. Aliyekaa kwenye kiti changu ni mwanafunzi niliyemsimamia tasnifu mwenyewe. Barua aliiandika yeye. Aliniita Mheshimiwa Mama.

Sasa nakuandikia lile ambalo sijamwambia mtu yeyote. Muhula uliofuata hawakunirudishia faili. Hawakuwa na haja. Nilizibadili alama mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla hata ya kuzipeleka. Tatu ni rahisi kuwa nane, unaifunga tu. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti kinachozunguka, asubuhi kweupe, mlango wazi. Nilipomaliza nikaenda kufundisha.

Palikuwa na binti mmoja darasani. Anakaa mbele, madaftari yake safi, swali moja analifanya kwa njia mbili ili ajihakikishie. Yeye hakuhitaji msaada wa mtu. Matokeo yalipotoka akanifuata ofisini, akasimama.

"Daktari, na wale wa nyuma wamepata sawa na mimi?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

"Wote?"

"Wote."

Akanishukuru. Bado anakuja darasani, ila siku hizi anakaa nyuma na simu yake, na karatasi zake anazileta tupu. Nampa alama zilezile.

Mzee Chaki aliniambia ukweli kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Huu ni mwaka wa tatu, na bado unauma. Kilichokwisha ni ile hasira. Nilikuwa naitegemea sana hasira ile na sikujua.

Basi Januari mkuu akaniita tena. Faili la maombi ya Kasuku lilikuwa mezani. Ameona humo kwamba mimi ni dada yake. Alifurahi kweli, Mama mdogo, alikuwa na uso wa mtu anayenitunuku. Akasema, "Tunatafuta mtu kama wewe. Huyu ni wa damu yako. Yukoje?"

Nikamwambia hafai.

Alidhani natania. Nikaendelea. Nikasema ni mvivu, ni mgomvi, na hawezi kuaminiwa na karatasi za watu. Hapo la kweli ni ugomvi peke yake. Nilisema nikimwangalia usoni, maana kusema uongo ofisini mle nilishazoea. Akafunga faili. Akasema anathamini uaminifu wangu.

Kwa hiyo aliyemnyima mwanao kazi ni mimi. Ile barua iliyomfungia chumbani ni maneno yangu yaliyopigwa muhuri. Najua alikwishanunua begi. Najua alikwishawaaga wenzake kazini, na najua wanavyomcheka sasa.

Unaweza kusema ningemwandikia tu asije. Nilijaribu, barua tatu nilizianza. Angesoma, kisha angekuja mbio ili apigane nao kwa ajili yangu. Na wala sikuogopa kwamba wangemfukuza. Niliogopa wangembakiza. Ningemwona akinyamaza kidogo kidogo, muhula kwa muhula, ofisi ya pili kutoka kwangu.

Msomee barua hii, au mpe aisome mwenyewe. Akitaka kunifuta kwenye undugu, sitamlaumu. Nawe ukikaa mwezi mzima bila kusema nami, nitazihesabu siku, lakini sitakulaumu.

Usiniulize nitarudi lini. Mkataba mpya wa miaka mitatu niliutia saini juzi. Nilitafuta kwanza moyoni mahali pengine pa kwenda, nikapakosa, nikaomba kalamu.

Nafasi ile imepata mtu. Ni mwanamke wa makamo, mkuu anasema ni mpole na ana bidii sana. Amewahi kuniandikia kuuliza kama vitabu vya mazoezi huku vinapatikana au abebe vyake. Anafika Jumapili, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpokea uwanja wa ndege na kumweleza taratibu. Safari ya gari ni dakika arobaini. Bado sijui nitamwambia nini.

Nisalimie Baba mdogo, umwambie karibu na sikio lile zima. Msalimie Mama mkubwa na wajukuu zake wote, yule wa mwisho ambaye sijamwona mbusu kwa niaba yangu. Kasuku sithubutu kumtumia salamu, basi wewe mwekee tu chakula mbele yake mpaka ale.

Mungu akupe siku nyingi, na watu wa kukaa nawe ndani ya siku hizo.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata katika haya,
binti wa dada yako.