Prezida wa Vipepeo na Sahani ya Mama Mukwe

Mama Constance, mshauri wetu wa gazeti la parokia,

Nisaidie kabla ya Jumapili ya kikao chetu, na jina langu usiliandike, maana mimi ni mtu ninayeheshimika hapa Kalemie, au tuseme niliheshimika mpaka siku mama mukwe wangu aliposhuka kwenye treni akitoka kwao Ankoro.

Mimi ndiye prezida wa komite ya miti ya kilima chetu, upande wa barabara ya Moba, na neno hilo prezida nalitamka polepole kwa sababu katika nchi hii linajulikana ni la nani, lakini watu walipiga kura nikashinda, nadhani kwa sababu nilikuwa wa kwanza mtaani kununua kravati, tai ya shingoni, siku serikali ilipotuondolea marufuku ya kuivaa. Kilima chenyewe unakijua, kilikuwa kimebaki kipara, wachoma makala, makaa haya ya kupikia, walikata na wake zetu nao walikata kuni za kukaushia samaki, hadi chemchemi ikageuka matope na wale vipepeo waliokuwa wakijaa pale kwenye mchanga wenye unyevu, wa njano, weupe, na wale wa buluu, wakatoweka. Sista Anne-Marie wa dispensari akatufundisha kwamba tukirudisha miti ya asili vipepeo watarudi na maji yatarudi nao, na kwamba kuna wafadhili wanaopenda vipepeo kiasi cha kutuletea miche na mizinga ya nyuki, mradi waone wadudu wao wanaongezeka kweli. Mtu anayempenda kipepeo kuliko mbuzi sikumwelewa, lakini mizinga niliielewa. Basi tukaungana: wavuvi wanaleta mabaki ya ndakala, dagaa wetu hawa, ya kurutubisha mashimo, wachoma makala wanachimba, akina mama wanamwagilia, na mimi navaa kravati nahutubia.

Kila Jumapili baada ya misa nahutubia jambo lile lile, kwamba kiwavi ni mtoto wa kipepeo, anayekula jani leo ndiye atakayeruka kesho, asiguswe, na atakayemtoa mtini atafukuzwa kwenye komite na mzinga wake apewe mwingine. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, na siku ile nilijisikia mtu mkubwa sana.

Sasa mama mukwe. Mama Philomène, mama yake mke wangu Odile, alikuja mvua zilipokolea. Unajua mambo ya ukwe, mimi na yeye hatutazamani usoni, hatuli pamoja, hatubishani. Hata kanisani hutoka mapema kwa heshima ili tusikutane mlangoni, kwa hiyo hotuba zangu hajawahi kuzisikia hata moja. Maneno yake yananifikia kupitia Odile na chakula chake kinanifikia kimefunikwa. Nakula ndani peke yangu, yeye ameketi nyuma ya nyumba ameegemea ukuta, na sahani ikirudi anafunua aone nimebakiza nini, na kubakiza chakula cha mama mukwe ni sawa na kumtukana. Siku moja nikafunua nikakuta viwavi, wamekaangwa kwa mawese na nyanya na pilipili. Nikajiambia amewaleta wakavu kutoka Ankoro, kwao ni chakula cha kumpa mgeni, nikala. Wiki iliyofuata wakaja tena, na safari hii walikuwa laini, Mama Constance, kiwavi mkavu hawi laini hivyo hata umchemshe mpaka Krismasi, na mistari yao ya mgongoni ndiyo ile ninayowaelezea watu kila Jumapili. Nilijua. Nikamwita Odile, nikamwomba aongeze ugali.

Nilipomtuma Odile aulize wanatoka wapi, jibu nililisikia mwenyewe kupitia ukutani: «Muambie mukwe wangu, bile bishimu ni bya miti yake mwenyewe. Ni akili mingi kupanda miti ya bishimu karibu na nyumba. Akule, asisikie haya.» Alidhani nimepanda kilima kizima kwa ajili ya bishimu, kama kwao wanavyowaita viwavi wa kula, kwa sababu mtu mwenye akili timamu atapandaje msitu kwa ajili ya kipepeo. Na mimi, ambaye mama huyo tangu harusi alinihesabu mvivu, nikawa nimesifiwa. Ningefanya nini? Nikaipokea sifa, nikala, nikanenepa, hata kravati sasa inanibana.

Miti ya upande wa chemchemi haina kiwavi tena, na wafadhili wanakuja kutazama baada ya Pasaka. Komite ikaanza kumtafuta mwizi, na macho yote yakaenda kwa Gérard. Huyu alikuwa mchoma makala, mimi mwenyewe ndiye niliyemshawishi aache tanuri lake ajiunge nasi, na kila alfajiri hupanda kilimani kumwagilia safu yake ya miti. Alionekana huko, basi ikatosha, kwani mtu akishakuwa mchoma makala watu hawasahau. Makamu wangu, Papa Basile, anataka afukuzwe kwa sheria yangu, na Pétronille, mke wa Gérard, akinipita njiani haniamkii. Gérard mwenyewe alikuja nyumbani akanikuta natafuna. Niliifunika sahani kwa kofia. Akasimama mlangoni, akasema, «Prezida, wewe njo uliniambia niache makala. Sasa unisemee.» Nikamjibu tutaona. Akaondoka, nikainua kofia nikamalizia chakula kwa sababu mama mukwe alikuwa ukutani, na haya niliyoiona wakati ule sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Kikao cha kumhukumu niliwahi kukiahirisha kwa kusingizia tumbo, jambo ambalo si uongo kabisa ukifikiria kilichokuwamo ndani ya tumbo hilo, lakini sasa kimewekwa Jumapili baada ya misa ya pili, na hakimu ni mimi. Ombi langu ni hili tu, nitamwambiaje mama mukwe aache kunipikia viwavi bila kumvunjia heshima? Nikiipata njia hiyo, naamini mengine yatajitengeneza.

Mwenye Kravati Inayobana,
Kalemie

*

Papa Mwenye Kravati,

Nilicheka tangu kwenye treni mpaka kwenye ugali wa kuongeza. Gérard aliposimama mlangoni kwako nikaacha kucheka, na wewe ulipaswa kuacha kuandika hapo hapo, uvae viatu umfuate. Badala yake umemalizia sahani, kisha ukamalizia barua kwa swali la mapishi.

Pole kwa ukwe, naujua, nami nina wakwe zangu. Lakini mama huyo hajakosa lolote. Aliona mti, aliona bishimu, akamkumbuka mume wa mtoto wake. Hakuna aliyemwambia kitu. Umehubiri mlangoni mwa kanisa mwaka mzima na ndani ya nyumba yako neno lenyewe halijafika hata kwa mkeo, au limefika na mafuta ya mawese yakamziba masikio naye. Heshima inakukataza kumtazama mama mukwe. Haijakukataza kumwambia Odile maneno mawili ayapeleke nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo swali lako nalijibu haraka. Odile amwambie mama yake kwamba miti ile si yako, ni ya kilima chote, na viwavi wa upande wa chemchemi wanalelewa. Halafu amwombe, kwa niaba ya mkwe wake anayempenda, aje aonyeshe miti ya bishimu ya kwao na mahali pa kuipanda, safu moja upande wa juu, watu wakale huko na chini wawaachie vipepeo. Komite iliyoweza kuwaweka pamoja wavuvi na wachoma makala haitashindwa na mama mmoja wa Ankoro. Mama huyo hatatukanwa na ombi kama hilo, atalisimulia njia nzima ya treni mpaka Kabalo.

Tuje kwa Gérard. Unangoja mambo yajitengeneze, na yanajitengeneza kweli, ila kwa njia hii: atafukuzwa, atarudi kwenye tanuri lake kwa sababu lazima watu wa nyumbani kwake wapate kula, na miti atakayoanza kuikata ni ile aliyoimwagilia mwenyewe kila alfajiri. Viwavi umekula, basi, vipepeo watataga tena mvua zijazo. Mtu mliyemfukuza kwa uongo hamtampata tena, na kwa haki kabisa. Alikuja kukuomba umsemee kwa sababu wewe ndiye aliyemwamini alipoacha kazi iliyokuwa ikimlisha. Nakuonea huruma, Papa, lakini yeye namwonea huruma zaidi.

Utasimama mbele ya komite kabla Papa Basile hajafungua mdomo. Useme: viwavi nilikula mimi, na nilikula nikijua. Mama mukwe usimtaje hata kwa mbali, maana najua utatamani. Sheria uliitunga wewe, basi ianze na wewe: weka mzinga wako mezani, wakuchukulie au wakuachie, hilo ni lao. Wafadhili nao wakija waambie hivyo hivyo. Wakiondoka, mtabaki na chemchemi na majirani, na hao ndio mliopanda miti kwa ajili yao.

Limebaki moja. Umeniomba nifiche jina lako, nami nimelificha. Lakini Kalemie nzima ina komite moja ya vipepeo, na komite hiyo ina prezida mmoja mwenye kravati. Ulidhani nani asingekujua? Barua yako niliishikilia makusudi mpaka leo. Gazeti hili linagawiwa mlangoni baada ya misa ya kwanza, na kikao chenu ni baada ya misa ya pili, kwa hiyo unaposoma mstari huu, wale waliosimama karibu nawe wanausoma pia. Gérard husali misa ya pili. Saa hizi yuko nyumbani anafunga vifungo vya shati, akijua anakuja kufukuzwa. Kunja karatasi, Papa, na umfikie kabla ya gazeti.

Mama Constance