Mvua Wakati wa Ndengu

Ijumaa, 3 Januari 2025
Joto! Saa nane mchana mabati yanalia juu ya kichwa. Nimelala sakafuni, simenti peke yake ndiyo ina huruma hapa Mbeere. Kwetu Manyatta saa hii mtu anavaa sweta kwenda kuchuma majani chai.
Lakini nilikubali mwenyewe. Padre aliponiuliza kama naweza kuwa katekista wa kigango hiki, nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nyumba bila Gladwell ilikuwa imenishinda. Nilidhani nikihama, huzuni itabaki kule. Wapi!
Nimejaribu rozari. Makumi mawili, nikanyamaza. Maneno yanatoka, mimi sipo. Tangu tumzike mke wangu mwezi wa Machi niko hivyo. Naongoza wengine kusali na mimi nimekauka kabisa. Hakuna anayejua.

Jumamosi, 4 Januari
Jirani yangu, bibi mzee shosho Ciakuthii, kaniletea maji ya kibuyu. Baridi! Ati nimekonda, nioe. Nikacheka. Yeye pia mjane, lakini hana muda wa kulia siku hizi. Wote wako shambani, wanavuna ndengu. Hizo ndengu ndizo mwaka wake mzima. Zingine ameshaanika uani kwenye turubai.

Jumapili, 5 Januari
Padre hakuja, nimeongoza ibada. Kanisa lilikuwa tanuri. Kwenye maombi ya waamini nilikuwa nimepanga ya wagonjwa na ya amani. Nilipofika mwisho jasho likaniingia machoni, na sijui nini kilinishika. Bwana, tupe mvua. Leo, Bwana! Nikarudia, nikarudia, sauti ikapasuka. Nikalia mbele ya watu. Sikuwa naomba mvua peke yake. Nilikuwa naomba chochote. Ni mara ya kwanza tangu Machi nasali na mimi mwenyewe nipo.
Waliitikia, twakuomba utusikie, lakini kwa sauti ndogo. Mwenyekiti wetu, mzee Mbaka, alifungua mdomo kama anayetaka kuongea, akaacha. Nafikiri aliguswa.

Jumatatu, 6 Januari
Imenyesha!!! Mchana huu huu! Nilitoka uani na shati langu, nikasimama hapo kama mtoto mdogo, ikinipiga kichwani. Nikamwambia Gladwell kwa sauti: unaona? Baadaye rozari nzima, makumi yote matano, na kila neno lina ladha. Leo nalala na blanketi. Asante, Bwana. Asante.
Watu walikuwa wakikimbia njiani na magunia. Nilidhani wanajikinga.

Jumanne, 7 Januari
Bado inanyesha. Tamu.

Jumatano, 8 Januari
Mzee Mbaka amepita, viatu mkononi. Nikamwambia Mungu ni mwema! Akaitikia lile la kanisani, kila wakati, bila kucheka. Halafu akaketi, akanieleza polepole, vile mtu huambiwa habari ya msiba. Huku mvua huombwa Oktoba. Januari ndengu zimekauka, ziko nje, na mvua ikizipata zimekwisha.
Nikamuuliza mbona hawakunikataza. Akashangaa. Nani amkataze katekista katikati ya sala? Tena katekista analia?
Mjinga mimi! Nimetoka mahali ambapo mvua haina siku mbaya, basi nikafikiri ni hivyo kila mahali.

Alhamisi, 9 Januari
Nimeenda kwa shosho. Alifunika ndengu zake vizuri, lakini maji yakapita chini ya turubai. Zimeota, kila moja na kamzizi keupe. Za shambani zimekuwa nyeusi kwenye maganda. Alikuwa na ungo mapajani, anachagua moja moja. Nikasema pole. Akasema kwani ni wewe unanyeshea watu? Alisema kwa upole, lakini hakuniangalia.
Najua si mimi. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, najua. Lakini watu walikuwa wanakimbiza chakula chao na mimi nachezea mvua uani. Na kibaya zaidi: ule ubaridi wa Jumatatu bado uko moyoni. Naona aibu nao, na naogopa usije ukaondoka.

Jumamosi, 11 Januari
Jua jana. Leo mawingu tena, mazito, upande wa mlima.
Shosho amekuja na bakuli. Amepika ndengu zilizoota, kaniletea mimi! Nikalifunika, nikaliweka kando. Ameketi mlangoni, akasema kuna kipande kidogo cha shamba kule chini, alichelewa kukipanda, ndengu zake bado hazijaharibika. Zikipata jua wiki hii atapata mbegu na cha kula. Zikinyeshewa, hana kitu. Ndiyo maana amekuja. Niombe jua.
Nikamwambia shosho, tuombe pamoja. Akakataa. Ati niombe mimi, vile niliomba Jumapili. Ile ilitoka ndani, hata yeye aliisikia.
Vile niliomba Jumapili!
Nimemwambia angoje nichukue rozari. Niko chumbani, naandika haya nimesimama. Rozari iko shingoni mwangu. Nimejaribu hapa kimya: Bwana, tupe jua. Tupe jua. Maneno yanatoka.
Sasa dirishani unaingia upepo baridi wenye harufu ya mvua. Na mimi, Mungu nisamehe, nimeuvuta kwa kifua kizima.
Shosho anaita. Katekista, uko?