Baba, Tuliijaza Hadi Juu

Baba,

Ungenikemea kama ningeanza kuzungumza nawe bila kuwatambua waliokuja kwa ajili yako. Kwa hiyo subiri kidogo.

Mchungaji wetu, uliyetuongoza kwa sala. Wazee wa kanisa. Mzee Githinji, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusafirisha wagonjwa, pamoja na wanakikundi wote. Mama, mwenye boma hili. Jamaa mliotoka Nyeri mjini na Kenol. Majirani wa mteremko huu mzima. Nanyi vijana mliosimama kwa kuwa viti havikutosha: nawasalimu kwa heshima. Mwaka umepita tangu tumlaze baba yangu pale nyuma ya zizi. Sala imesemwa, chakula kimeliwa, na chai bado iko motoni. Nivumilieni nimsomee barua hii. Mwanzo wake ni wa baba yangu, lakini mwisho wake ni wenu.

Baba, najua swali lako la kwanza. Kimya liko wapi? Liko hapa uani, limefunikwa turubai. Halijabeba mgonjwa hata mmoja tangu asubuhi ile nitakayokueleza. Lile gari la umeme ulilowashawishi watu hawa walinunue kwa pamoja, kuukuu tayari, lililokuwa likisambaza vifurushi huko Japani. Gari waliloliita Kimya kwa kuwa hata mbwa hawakulisikia likija. Watu wapo hapa leo wanaotaka liuzwe. Sitawataja, maana mmoja wao ameketi karibu sana na mchungaji.

Ulipotuacha, betri yake ilikuwa imechoka. Baada yako ilizidi. Baridi ya Julai ilipoingia, Kimya lilishuka Nyeri vizuri, lakini likirudi lilifika chini ya kilima chetu likiwa hoi. Abiria wakawa wanashuka. Mama, aliyetoka hospitali kusafishwa damu, ambaye siku kama hiyo hata ndoo tupu hawezi kuinyanyua, alipanda kilima kwa miguu ameegemea bega la jirani, huku Kariuki, mpwa wako, akiliendesha gari tupu nyuma yao polepole, uso ameuinamisha kwa aibu. Niliyaona hayo mara moja kutoka langoni. Sikutaka kuyaona tena.

Ndipo tukapata betri Kenol. Ilitoka kwenye gari la aina hiyo hiyo, la muundo mpya zaidi, lililoharibika mbele katika ajali. Sanduku lake lilitoshea mahali pa lile la zamani, ila ndani lilibeba umeme karibu maradufu, na lilikuwa zito kuliko la kwanza. Fundi Muthoni wa Nyeri, ambaye wengi mnamjua kwa ovaroli yake ya kijani, alikubali kuifunga. Alieleza kwamba kompyuta ya gari haingeitambua betri mpya, kwa hiyo angeweka katikati kidude cha kuwatafsiria, kama mkalimani kortini. Akaongeza springi nyuma kwa ajili ya uzito.

Mama alikataa. Siku tatu hakutaka hata kulijadili. Alisema, "Hiyo betri ndiyo aliyoishika kwa mikono yake. Mnataka kumtoa mara ya pili?" Ni Mzee Githinji aliyemlainisha, kwa namna yake: "Mama Wangari, huyo mzee alikuoa wewe, hakuoa betri." Mama alicheka bila kupenda, akaruhusu.

Siku Muthoni alipomaliza, uwanja huu ulijaa kama leo. Kariuki aliliendesha gari kulizunguka zizi mara mbili, wamama wakapiga vigelegele. Mzee Githinji akatangaza kwamba sasa tutafika hadi Doldol kununua mbuzi na kurudi bila kuomba umeme njiani. Muthoni akafungasha vifaa vyake, akarudi mjini kabla giza halijaingia. Ikabaki kazi moja, kuichaji.

Hapa ndipo unapoingia, Baba, nawe hukuwapo.

Wote waliopo wanaijua tabia yako ya chai. Ulimimina kikombe cha mgeni, ukasimama upana wa kidole kimoja kabla ya ukingo. Katika nchi hii ambayo mgeni hutiliwa mpaka chai iguse sahani, wewe ulisimama. Watu walikucheka kwa miaka. "Kwa Mwalimu hutashiba, lakini hutaungua." Na Kimya nalo hukulijaza kamwe. Ulichomoa waya likiwa bado lina njaa kidogo, ukasema, "Achia mlima nafasi." Wengine walidhani ni sala yako ya siri ya kuelekea Kirinyaga, kama wazee wa kale walivyouomba mlima; mchungaji, nakumbuka, alikuuliza kwa upole. Ulimweleza. Ulitueleza sote, kwa chaki, kwenye ukuta wa stoo. Lakini ulieleza kama uliyekuwa bado darasani ukifundisha fizikia, nasi tukaitikia kwa vichwa kama wanafunzi wanaosubiri kengele.

Kwa hiyo jioni ile, sauti zilitoka kila upande. "Ati tuache nafasi? Nafasi ya nini, na betri ni mpya?" "Kariuki, jaza! Hii si chai ya Mwalimu." "Mgeni hatolewi nyumbani na kibuyu nusu." Betri ilikuwa mgeni. Nasi tulifanya kama tulivyolelewa kumfanyia mgeni. Tuliijaza hadi juu.

Asubuhi Kariuki aliwapakia Mama, Mzee Githinji aliyekuwa akienda kliniki ya macho, na mimi niliyekuwa naenda shuleni kwangu. Barabara ilikuwa na umande. Tulipouvuka ukingo wa msitu na kuanza kushuka kuelekea Mweiga, Kariuki aliondoa mguu kwenye kanyagio ambacho hadi leo tunakiita mafuta, akasubiri gari lijishike lenyewe kama lilivyozoea.

Halikujishika.

Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Niliona shingo yake ikikaza kabla sijaelewa. Alikanyaga breki, gari likapunguza mwendo, kisha likaendelea. Akakanyaga tena. Harufu ikaanza, ile ya kitu kinachoungua ambacho hakikuumbwa kuungua. Kwenye kona ya kwanza Mzee Githinji alikuwa bado anasimulia habari za mbuzi. Kwenye kona ya pili alikuwa amenyamaza, na Mzee Githinji kunyamaza, Baba, unajua maana yake. Kariuki alisema kwa sauti ndogo sana, "Shangazi, shika kiti." Mama hakupiga kelele. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akautafuta wangu, akaushika. Ulikuwa mkono wenye mshipa unaounganishwa na mashine ya kusafisha damu. Nilikuwa nausikia mdundo wake kidoleni mwangu, na mbele yetu palikuwa na kona ya tatu, ile yenye daraja.

Kariuki hakuingoja. Aliona mahali ambapo ukingo wa barabara umelala, akakata usukani, tukaingia kwenye shamba la viazi. Matuta yalitupokea moja baada ya jingine, kila tuta likitunyang'anya mwendo, mpaka tukasimama tumezama kwenye udongo hadi nusu ya magurudumu. Kisha Mzee Githinji, goti limevimba, akachungulia dirishani: "Basi. Angalau tumevuna."

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Halafu akalia. Nami nikalia, kwa sababu nilikuwa nimekikumbuka kidole chako kabla ya ukingo wa kikombe.

Muthoni alipokuja kutuvuta, alieleza kwa maneno machache. Gari hili likishuka, mota yake hugeuka jenereta: huzalisha umeme, hurudisha kwenye betri, na kazi hiyo ndiyo inayolishika. Betri iliyojaa haiwezi kupokea. Mota haina pa kuupeleka umeme, basi inaliachia gari. Betri ile kuukuu ilikuwa nyepesi, nawe hukuijaza. Mpya ni nzito, sisi tukaijaza, na breki ambazo miaka yote hazikupewa kazi kubwa zikapewa mlima mzima kwa pamoja. Wanaochajia kule bondeni hawajui tatizo hili. Wao huanza safari kwenye tambarare. Ni sisi tu, tunaochaji juu na kushuka kabla hatujatumia chochote.

Ulikuwa umeandika hayo yote ukutani. Chaki bado ipo.

Tangu siku hiyo Mama huenda hospitali kwa pikipiki. Asubuhi huwa si kitu. Kurudi ndiko kunakonitoa roho. Hurudi amefungwa kwa leso kwenye mgongo wa dereva asije akalala njiani na kuanguka. Mvua za vuli zimekaribia. Barabara ikilowa, pikipiki haitapanda hapa, na mwili wake hausubiri barabara ikauke. Siwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo mbele ya watu. Wewe unaelewa.

Muthoni amebadilisha breki zote. Wiki iliyopita tulilijaribu gari: Kariuki, yeye na mimi, gari limepakiwa magunia ya viazi badala ya watu, betri imeachiwa nafasi. Mama alisimama langoni na mikono kifuani. Tulipouvuka ukingo, Kariuki aliondoa mguu, na Kimya likajishika. Likashuka kona zote tatu taratibu, kama mtu mzima anayeteremka ngazi, na mshale wa kipimo cha betri ukapanda kidogo, betri ikila umeme wa mlima. Kariuki alifuta macho akidai ni vumbi. Hakukuwa na vumbi.

Tuliporudi, Mama alituuliza jambo moja tu: "Na mkisahau?" Hakuwa na hofu na gari. Alikuwa na hofu nasi. Alisema kanuni hii uliibeba peke yako, ukaenda nayo, na hatapanda tena gari linalotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja.

Wapendwa mliokusanyika, hapa ndipo barua inapokuwa yenu.

Kamati imeamua hivi, na Mzee Githinji ameniruhusu niseme ingawa yeye binafsi angependa Kimya liuzwe. Kuanzia leo gari halichajiwi kupita alama nyekundu ambayo Muthoni ameichora kwenye kipimo cha betri. Si kwa harusi, si kwa mgeni, si kwa safari ya Doldol. Mtu yeyote wa mteremko huu, mkubwa au mdogo, akiona alama imepitwa, ana haki ya kumzuia dereva langoni, na dereva atatii. Kanuni hii haina nguvu wakiijua watu watano tu. Ama iwe ya wote, ama gari liuzwe Jumatatu.

Hatutanyoosha mikono. Mama amesimama na birika. Atamimina kikombe cha kila mmoja, na atasimama kidole kimoja kabla ya ukingo, kama Baba. Anayekubali kuilinda kanuni hii apokee kikombe chake kilivyo. Asiyekubali aombe kiongezwe, bila kuogopa, nasi tutaheshimu.

Baba, pumzika. Siku moja nitaacha kukutafuta langoni kila nikisikia gari lisilo na sauti; bado si leo. Nakuahidi ukuta wa stoo hautapakwa rangi nikiwa hai. Na vikombe vikipokewa kama vilivyomiminwa, kesho asubuhi Mama ataketi kiti cha mbele, mimi nyuma yake, na tukiuvuka ukingo wa msitu nitamshika mkono.

Mzee Githinji, wewe ni mwenyekiti. Birika linaanzia kwako.

Wangari, binti yako