Dawa Ndani ya Gambuti

Ploti ya Muigai, Mlango wa 9,
Kiandutu, Thika.
14 Juni 2025.

Mpendwa shangazi yangu, Senge Nelima,

Mulembe, senge. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Na mahindi huko Chwele yamefika wapi? Mimi nipo, nimechoka tu. Kiwandani tunasimama kutwa nzima, na Juni ya Thika haina huruma.

Nimeandika kwa sababu simu haifai. Kuta zetu ni mabati. Jirani akipiga chafya, mimi ndiye namwombea afya. Na simu yako hupokelewa na binti yako Viola, ambaye mdomo wake tunaujua.

Senge, nina virusi vya Ukimwi. Nilipimwa mwezi wa Machi. Nimejaribu kulizunguka neno hili nikashindwa.

Mwaka jana kodi ilipopanda nilikaa na Shiko, mwanamke tuliyefanya kazi naye. Hapa wengi hufanya hivyo ili wagawane kodi. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Baadaye alihamia Ruiru kwa dada yake. Simlaumu, nani alimletea mwenzake sijui. Kosa ni langu. Lakini ningemudu chumba changu peke yangu, leo ningekuandikia habari za mvua.

Na Krismasi nilikuja nyumbani kwa mke wangu Dorine kama kawaida. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Tangu Januari nakaa na Mutiso, kijana wa Machakos. Dawa niliificha ndani ya gambuti, nikajaza pamba kwenye mkebe vidonge visilie. Akiwepo, simezi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wao hawakukaa wawili kwenye futi kumi kwa kumi. Nesi aliona virusi havishuki. Hakunigombeza, aliniuliza tu nakaa na nani.

Juzi Mutiso akavaa gambuti zangu aende kuchota maji. Mguu ukagonga mkebe. Akautoa, akausoma, akakaa kitandani.

"Aki Sifuna, hata wewe? Zangu ziko kwa begi ya nguo, mwaka wa pili sasa. Na si ungesema tu!"

Tulicheka, senge, kisha nikalia. Tangu Machi tumelala umbali wa hatua moja, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Siku hizi tunameza pamoja baada ya ugali.

Dorine anataka kuhamia huku Agosti. Nilikuwa nimepanga wewe umwambie, maana mambo ya ndoa huenda kwa senge. Nimebadili nia. Jumamosi ijayo nitafika mwenyewe. Nakuomba uwepo, na uketi upande wake, si upande wangu. Jumatatu mpeleke akapimwe. Akikataa kuniona tena, mpeleke hata hivyo.

Msalimie babu, kuka wetu, mwambie tumbaku yake naileta. Viola msalimie, na umfiche barua hii. Mungu akuongezee siku, bado tuna mengi ya kukusumbua.

Dorine usimpe salamu zangu. Nitakuja nazo mwenyewe.

Mwana wa kaka yako, akupendaye,
Jeconia Sifuna