Karatasi ya Matokeo Aliyovuka Nayo Telesphory

Buzebazeba, Ujiji,
27 Januari 2019

Mpendwa Mama Mdogo Rahabu,

Shikamoo. Natumaini presha imetulia, na mvua haiingii tena ndani kwenu hapo kambini Nyarugusu. Huku miili ni mizima. Mume wangu Martini bado anauza dagaa Kibirizi.

Nimemwomba Recho akusomee barua hii polepole, ukiwa umekaa. Sikutaka habari hii ikufikie kwa simu ya jirani, watu wakikutazama usoni. Ni habari ya mwanao Telesphory.

Unajua alivyokataa kukimbia nasi, akabaki Kongo na shamba lake. Mwezi uliopita chama chake kilimfanya wakala kwenye kituo cha kura pale kijijini. Walihesabu pamoja, wakatia sahihi wote kwenye fomu ya matokeo, akapewa nakala yenye mhuri. Baada ya siku chache akaletewa fomu nyingine, yenye hesabu tofauti, aitie sahihi. Akakataa. Walimpiga mpaka kidole cha mkono wa kulia kikavunjika. Hilo hakutaka ulijue.

Kesi ya kupinga matokeo ilipofika mahakamani huko mji mkuu, chama kikaomba nakala za mawakala wote. Intaneti ilikuwa imezimwa Kongo nzima, ndipo akavuka ziwa kuja kwangu, karatasi ameifunga kwenye nailoni ndani ya shati. Tuliipiga picha, tukaituma kwa watu wa chama walioko nje. Jibu likaja: picha haitoshi, ipelekwe karatasi yenyewe Kalemie, bandarini huko huko Kongo, kuna mtu ataondoka nayo kwa ndege.

Mama, nilimzuia. Nilimwambia, "Karatasi moja haigeuzi nchi."

Akanijibu, "Dada, mimi siendi kugeuza nchi. Watu mia tatu na kumi na wawili walipanga foleni mbele yangu, wengine na watoto mgongoni, mvua inanyesha. Nikirudi kijijini nitawaambia niliiweka wapi?"

Nilimpikia ugali wa muhogo na migebuka, akala kwa kijiko kwa sababu ya kile kidole. Jumamosi akapanda boti.

Jumapili tunatoka ibadani, redio ikatangaza kwamba mahakama imeyatupa malalamiko, ushahidi hautoshi, mshindi ni yuleyule aliyetangazwa mwanzo. Hapa mtaani wengine walipiga vigelegele, hata wa damu yetu. Nilipiga simu ya Telesphory mpaka chaji ikaisha. Haikupatikana.

Jumatano Dismasi, nahodha wa ile boti, alikuja nyumbani. Hakutaka hata kukaa. Alisema walisikia hukumu wakiwa bado majini. Abiria wakamsihi Telesphory, "Itupe hiyo karatasi, haina kazi tena." Hakuitupa. Waliposhuka, wanaume wanne walikuwa wanamngoja. Wakampekua, wakaikuta, wakampakia kwenye gari. Dismasi aliwapigia kelele, "Kesi imekwisha, mwacheni kijana wa watu!" Hawakugeuka.

Tangu siku hiyo hatujui alipo. Ndugu waliobaki kule wameuliza kila mahali, wanajibiwa hayupo, hajaletwa, hajulikani. Mama, mimi nimechoka kutumaini. Kesi imefungwa, waliogombea watapatana wao kwa wao, na sisi tumepungukiwa mtu.

Nimesikia umeandikisha jina la kurudi Kongo. Yeye nilishindwa kumzuia, lakini wewe nakuomba kwa magoti, kalifute.

Nisalimie Recho na wanawe, na Mzee Elikana wa jirani. Martini anakupa pole, analia kuliko mimi. Mungu akushike mkono usianguke.

Leo mchungaji ameniuliza jina la Telesphory aliandike wapi kwenye maombi, kwa wasafiri au kwa marehemu. Nimemwomba asubiri barua yako. Wewe ndiye uliyemzaa. Niambie nimjibu nini.

Mwanao akupendaye katika msiba huu usio na kaburi,
Merina